Karatasi Moja, Mabosi Wanne

Ukitaka kujua ni nani katika ukoo wenu anayehesabiwa kuwa mtaalamu wa kompyuta, subiri printa igome. Cheti hakiulizwi. Kwangu ilitosha kwamba msibani, watu wakisubiri maziko, nilionekana nikimkuzia shemeji herufi za simu yake asome ujumbe bila miwani. Wazee waliniangalia, wakatazamana, na hapo jina langu likaandikwa. Siku hizi simu ya mjomba ikiita saa mbili asubuhi najua kuna jambo. Shikamoo itapita, marahaba itapita, habari za watoto zitaulizwa na kujibiwa, lakini nyuma ya sauti yake nasikia kitu kinakwaruza karatasi na watu wawili wanabishana kuhusu swichi.

Mjomba ana duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale Gerezani, Dar es Salaam: saruji, nondo, misumari, mabati, rangi na vitasa. Juu ya kaunta, kati ya kikokotozi na chupa ya chai, imekaa printa ya nukta. Dotimatriksi, kwa wanaopenda jina lake la ukubwani. Vijana wanaokuja na oda zao kwenye simu huicheka. Wanadhani mjomba ni bahili. Ni bahili kweli, ila si kwa hilo.

Sababu ni nakala. Duka la jumla linaishi kwa karatasi ya tabaka tatu: nyeupe ya mteja, ya pinki ya stoo, ya njano ya kubaki dukani. Printa za leza na za wino hupaka herufi juu ya karatasi ya kwanza na kuishia hapo. Tabaka la pili hazilifikii hata uzibembeleze. Hii ya nukta inapiga. Ndani ya kichwa chake mna pini tisa zilizopangwa wima, kila moja na sumaku yake ya umeme. Ikiamriwa inachomoka, inagonga utepe wa wino, utepe unagonga karatasi, na kishindo kinateremka mpaka nakala ya njano. Wateja wa mjomba wanaiamini nakala iliyopigwa. Risiti ya karatasi ya joto ukiisahau kwenye dashibodi ya gari mchana wa Januari, baada ya muda unabaki na kipande cheupe ambacho hakikumbuki chochote. Nakala ya pini unaweza kuipapasa kwa nyuma ukalihisi deni lako kwa kidole.

Faida nyingine mjomba haisemi mbele za watu: utepe mmoja unazunguka ndani ya kasha lake miezi na miezi, na ukififia wapo wanaouongezea wino wa muhuri. Msifanye. Wino wa utepe una mafuta ya kulainisha pini, na ule wa muhuri haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Unakaukia kwenye vitundu, pini inakwama, na kila herufi inapata mstari mweupe tumboni. Ikikwama ya chini kabisa, g na j na p na y zinakatwa miguu, na jumla bila mguu wa j inaanza kubishaniwa.

Basi. Printa ya kwanza ya mjomba ilikufa siku umeme ulipokatika na kurudi kwa hasira. Ikaondoka na kompyuta yake siku hiyohiyo. Printa mpya za aina hii zipo, bado zinatengenezwa, lakini mjomba alipoambiwa bei aliaga kwa adabu akaenda kwenye kontena la mitumba ya Ulaya. Alirudi na printa nzito, safi, plastiki yake imegeuka njano kwa uzee, na ndani ya boksi mna kitabu cha maelekezo cha Kijerumani.

"Mjomba wangu," akaniambia, maana kwetu jina hilo linakwenda na kurudi, "hii imetoka kwa watu wanaotunza vitu."

Ilitunzwa kweli, na hapo ndipo penye kisa. Kila kitu ndani yake kilikuwa kimepangwa na mtu makini, kwa karatasi yake, kwa lugha yake, kwa programu yake. Mtu huyo alipomaliza kuipanga hakuigusa tena. Amri zake zilisafiri baharini zikiwa nzima, zikateremka bandarini, zikafika Gerezani na kuanza kutekelezwa.

Tulianza na waya. Plagi ya printa hizi ni ile pana yenye miguu 36 na vibano viwili vya chuma pembeni, na historia yake hunifariji kila inaponivunja ukucha. Mwaka 1970 kampuni ya Centronics ya Marekani ilitoa printa yake ya nukta. Centronics ilichipuka kutoka kampuni ya Wang, na Wang walikuwa na plagi 20,000 za miguu 36 zilizobaki stoo baada ya kutengeneza vikokotozi vyao vya mwanzo. Zikachukuliwa hizo. Mawasiliano yenyewe yalihitaji miguu 21 tu. Kwa hiyo ofisi chungu nzima duniani zilihangaika kwa miongo mitatu na plagi kubwa kupita kiasi kwa sababu kulikuwa na bidhaa zisizotoka. Nilipomsimulia mjomba alinyamaza kidogo kwa heshima, akasema hao ndio wafanyabiashara.

Kompyuta mpya ya mjomba, mpya kwa maana ya mtumba wa karibuni, haina tundu la plagi hiyo. Ina USB. Mtaa wa Aggrey wanauza waya wa kuunganisha, huku USB, kule plagi pana, na muuzaji aliniapia kwamba unakubali printa zote. Waya ulikubali. Iliyokataa ni programu ya stoo.

Programu ya stoo ina kioo cheusi na maandishi meupe. Iliandikwa enzi za DOS na kijana mmoja ambaye sasa yuko Kanada na ana watoto wenye ndevu. Fundi alilazimika kuipandishia kompyuta mfumo wa zamani makusudi, maana mifumo mipya ikiiona programu ile haiitikii hata salamu. Na programu yenyewe inajua mlango mmoja tu wa kutolea karatasi duniani: LPT1. Waya wa USB hautengenezi mlango huo, unatengeneza wake. Dawa ipo, nayo ni ya kihuni. Unaisajili printa kuwa kitu cha mtandaoni, unaipa jina, halafu unaiandikia kompyuta amri kwamba chochote kinachopelekwa LPT1 kipelekwe kwa jina hilo. Kompyuta inatoka nje kwa mlango wa mtandao, inazunguka nyumba, inarudi kujibishia hodi, inajikaribisha. Inafanya kazi vizuri sana. Kwa nini haijitambui, sijui na sitaki kuuliza.

Delivari ya kwanza ikatoka. Ile kelele, jamani. Wauza mabati jirani waligeuka. Dada wa kaunta akaichana karatasi, akaitazama, akaniuliza kwa upole kama hiki ndicho Kijerumani.

Juu ya orodha ya bidhaa, mahali ambapo siku zote kulikuwa na mstari mnyoofu wa jedwali, palikuwa na Z, kisha D, D, D, D mpaka ukingoni, na mwisho kabisa alama ya kuuliza. Herufi zote zimelala mlalo, za madaha. Alama ya kuuliza niliielewa. Nilikuwa bado nawaza habari ya hizo D wakati nakala ya pinki imeshachukuliwa kwenda stoo.

Mteja alikuwa amenunua mifuko 50 ya saruji na misumari kilo 10. Ana Canter ya tani tatu na nusu, imeegeshwa, dereva anakula mahindi ya kuchoma. Baada ya dakika chache mtunza stoo akaja mbio, jasho linamtoka, kaishika ile karatasi ya pinki kwa mikono miwili.

"Bosi, huyu mteja anajenga nini?"

Karatasi ilisema mifuko 503. Na misumari kilo 103.

Hapo ndipo ubaya wa kosa lile ulipo. Lingeandika mifuko 50,000 kila mtu angecheka na kurudia. Lakini 503? Nani atunge namba ya namna hiyo? Ile mitatu ya mwisho ndiyo iliyoipa heshima. Mtunza stoo alikuwa ameshaanza kuhesabu kama anayo, na amekuta anayo. Mifuko 503 ya kilo 50 ni tani 25 na ushee. Dereva wa Canter alipoambiwa aliyaacha mahindi, akaizunguka gari yake polepole akiangalia matairi, akasema yeye kwa leo anaweza kurudi mara mbili, zaidi ya hapo wazungumze na mwenye gari.

Kilichotokea ni hesabu ya kutoa, tena rahisi. Kila herufi kwenye kompyuta ina namba yake. Kwenye jedwali la zamani la kompyuta za IBM, namba 179 ni ule mstari wa wima unaotenganisha safu na safu. 196 ni mstari wa mlalo. 218 na 191 ni kona za juu. Printa hizi za nukta zina majedwali mawili ya kuchagua. La kwanza lina mistari na kona hizo. La pili halina mistari. Kila namba inayozidi 127 linaipunguza 128 na kuchapa herufi iliyobaki ikiwa imelazwa mlalo. Sasa toa: 196 ukitoa 128 inabaki 68, ambayo ni D. Ile 218 inakuwa 90, yaani Z. Ya 191 inakuwa 63, alama ya kuuliza. Na 179, mstari wa wima unaosimama kando ya kila idadi ya mzigo, inakuwa 51. Hiyo ni tarakimu 3. Mjerumani wetu alipenda herufi za mlalo. Hakujua kwamba ipo siku ladha yake hiyo itakaribia kumaliza saruji ya mtu Gerezani.

Dawa yake ilikuwa swichi moja. Chini ya kifuniko zipo safu mbili za swichi nyeupe ndogondogo, kila moja haizidi punje ya mchele, na kitabu kilieleza kazi zake kwa Kijerumani chenye majedwali. Majedwali hayana lugha, nikayafuata kwa kidole. Upande mmoja wameandika EIN, upande mwingine AUS. Mjomba akauliza kama AUS ni kwa wateja wa Australia.

Kidole hakiingii pale, wala kalamu. Dada wa kaunta akachomoa pini kwenye nywele zake akaninyooshea bila kusema neno. Nilipinda swichi ya jedwali. Nikapinda na ya lugha, maana kwa mpangilio wa Kijerumani alama ya barua pepe hugeuka alama ya ibara ya sheria, na anwani ya duka ilikuwa imeanza kusomeka kama hati ya mashtaka. Jedwali likanyooka. Mifuko 50 ikawa 50. Mtunza stoo akaomba maji.

Tungeishia hapo laiti kungekuwa na programu moja. Zipo mbili. Ya stoo ni hiyo ya kijana wa Kanada, na ya ankara ni mpya, iliyonunuliwa kwa ajili ya hesabu za kodi. Ankara ya kwanza ilipotoka, kila mstari uliacha chini yake mstari mtupu. Ankara ya ukurasa mmoja ikala kurasa mbili. Mjomba alikuwa anaitazama karatasi inavyotoka kwa jicho analomtazamia mgeni anayeongeza nyama mara ya tatu.

Kumaliza mstari ni kazi mbili. Kwanza kichwa kirudi kushoto, ambayo ni amri namba 13. Pili karatasi isogee juu mstari mmoja, ambayo ni amri namba 10. Programu mpya inatuma zote mbili, kwa utaratibu. Ile ya zamani inatuma 13 peke yake na kuiachia printa isogeze karatasi kwa akili yake. Mjerumani alikuwa ameiwasha swichi ya kusogeza kwa akili yake. Kwa hiyo stoo wako sawa, na ankara inasogezwa mara mbili.

Nikaizima. Ankara zikatoka nzuri, za kuwekea fremu. Kisha mtunza stoo akaagiza delivari, na delivari nzima ikachapwa juu ya mstari mmoja. Kichwa kinakwenda, kinarudi, kinakwenda, saruji juu ya nondo, nondo juu ya misumari, misumari juu ya jina la mteja, mpaka nyeupe ikatoboka na pinki ikachungulia. Mjomba akasema hii angalau haimalizi karatasi.

Tukampigia kijana wa Kanada. Kwake ilikuwa usiku wa manane, na alikana kwa sauti ya mtu aliye kitandani. Programu yake inatuma zote mbili, alisema, tatizo ni printa.

Sasa nisikilize, maana hiki ndicho ninachokipenda kwa mashine hizi na ndicho printa za siku hizi hazina. Leza ikikorofisha inakuonyesha taa ya rangi ya machungwa na kunyamaza. Printa ya nukta unaweza kuitia kizuizini. Shikilia vitufe viwili, kile cha kusogeza karatasi na kile cha kuingiza na kutoa, huku unaiwasha. Ikiamka katika hali hiyo haitii tena amri yoyote, inaziandika. Kila kitu inachoambiwa na kompyuta inakichapa namba kwa namba, kwa hesabu za kumi na sita, bila kuongeza wala kuficha. Hiyo 13 inaonekana kuwa 0D. Hiyo 10 inaonekana kuwa 0A. Tukaagiza delivari, tukasubiri, tukapata ukurasa uliojaa namba. Nikaanza kuzizungushia wino mwekundu: 0D, 0D, 0D, 0D. Hakuna 0A hata moja ya kuombea dawa. Tukapiga picha tukaituma Kanada.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaandika kwamba enzi zile printa zote zilikuwa zinasogeza zenyewe, na kwamba angerekebisha kwa furaha, ila faili la programu liko kwenye flopi, na flopi ziko kwa mama yake Tabora.

Hivyo ikabaki kazi ya pini ya nywele. Swichi hizo printa inazisoma pale tu inapowashwa, kwa hiyo utaratibu ni zima, pinda, washa. Asubuhi ni zamu ya delivari, mchana ni ya ankara. Dada wa kaunta anafanya bila kutazama, huku anamhesabia mteja chenji, na wiki aliyokwenda likizo aliacha pini kwa maandishi.

Katikati ya hayo yote palikuwa na suala la kiwiko cha unene, ambacho huisogeza pua ya kichwa karibu au mbali na karatasi. Mtu alikiweka kwenye karatasi nene sana. Nakala nyeupe zilitoka vizuri na hakuna aliyejali, hadi ukaguzi wa kabati ulipogundua bunda la karatasi za njano zilizotunzwa kwa tarehe, zimetobolewa, zimewekwa kwenye mafaili, na hazina neno hata moja. Tulilimaliza kwa kukisukuma kiwiko nyuma. Mjomba bado anazitunza karatasi zile, kwa kuwa ziko kwa tarehe.

Lakini urefu wa ukurasa ndio ulionizeesha.

Karatasi za mjomba ni za mlolongo, zenye matundu pembeni yanayoshikwa na meno ya printa, na zimechapwa tayari kiwandani: juu jina la duka na namba ya simu, chini onyo kwamba mali ikishauzwa haikubaliwi kurudishwa. Kutoka mkunjo hadi mkunjo ni inchi 11. Huyo ni bosi wa kwanza, karatasi yenyewe. Bosi wa pili ni programu ya stoo, inayohesabu mistari 66 kwa ukurasa, na kwa kuwa inchi moja inabeba mistari sita, naye anasema 11. Bosi wa tatu ni draiva iliyowekwa na fundi kwenye kompyuta. Fundi akiulizwa aina ya karatasi hujibu A4 kabla swali halijaisha, na A4 ina urefu wa milimita 297, karibu inchi 11 na robo tatu. Wa nne ni swichi ya Mjerumani. Kule kwao karatasi za mlolongo za inchi 12 ni jambo la kawaida, na swichi ilikuwa kwenye 12. Printa hii ni bibi harusi aliyeingia nyumba yenye wakwe wanne, kila mmoja na saa yake ya chakula, naye amefundwa asimkatalie mtu.

Draiva niliisahihisha mapema, nikampa mama mkwe mmoja amani. Swichi ya urefu sikuijua bado, ilikuwa kwenye safu ya pili chini ya vumbi. Kila ankara ikiisha programu inatuma amri ya kwenda mwanzo wa ukurasa unaofuata, na printa, kwa utii, inasogeza hadi inchi 12. Ankara ya pili ikaanza inchi moja chini ya mahali pake. Ya tatu inchi mbili. Jumla ikateremka mpaka ikakaa juu ya lile onyo la mali kutorudishwa, kisha ikavuka mkunjo, ikaangukia kwenye karatasi iliyofuata, sawasawa juu ya namba ya simu ya duka. Mteja mmoja wa Mbagala alilalamika kwamba simu ya duka haipatikani kabisa. Tukagundua amekuwa akipiga bei ya mabati.

Kilichotuchelewesha kupata dawa ni ankara ya kumi na mbili. Ile ilitoka safi, kila kitu mahali pake, na mjomba alikuwa amesimama hapohapo.

"Unaona?" akasema. "Ikitaka, inaweza."

Kuanzia dakika ile kwake halikuwa suala la ufundi tena. Lilikuwa suala la nia. Nilimwandikia nyuma ya boksi la misumari: ankara kumi na moja za inchi 12 ni inchi 132, na karatasi kumi na mbili za inchi 11 ni inchi 132 vilevile, kwa hiyo ya kumi na mbili lazima ikutane na mwanzo wa karatasi, ipende isipende, na baada ya hapo inaanza kuteleza upya. Aliisoma hesabu yote, akaikubali, akapendekeza tuwe tunachapa ankara kumi na moja za bure kabla ya kila mteja. Mtunza stoo aliunga mkono. Tangu ile 503 anaunga mkono chochote kinachopunguza kasi.

Swichi ilipatikana baada ya kupuliza vumbi. Pini ya nywele, zima, pinda, washa. Nikachapa ankara kumi na tatu mfululizo mbele ya mashahidi na zote zikaanza pale zinapotakiwa kuanza. Mabosi wote wanne sasa wanasema 11. Mjomba alinipa soda, akanisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo halijatokea tangu harusi yangu.

Simu yake iliyofuata haikuwa na kelele nyuma. Kulikuwa na utulivu, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye zawadi. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo.

"Mjomba wangu, si ulisema hii printa kwao imezoea inchi 12?"

Nikasema ndiyo, kwao, zamani.

"Basi kuna jamaa alikuwa anafunga ofisi. Anazo za inchi 12, safi kabisa, tabaka tatu, na hakuna mtu anayezitaka hapa mjini. Nimeitafutia chakula cha kwao."

Nikamuuliza ni katoni ngapi.

"Arobaini," akasema. "Kwa bei ile, wewe ungeziacha?"